Kompyuta Isiyo na Feni na Neno la Bibi Efrazia

Jumatatu, 4 Julai 2011. Gitega

Leo nimeng'oa feni zote za kompyuta. Zote! Iko kimya kabisa. Nimejipongeza mwenyewe, maana hapakuwa na mwingine wa kunipongeza.

Niandike sababu. Jumamosi ya wiki ijayo nakwenda Gashoho, mkoani Muyinga, kumposa Upendo. Baba yake, mzee Manase, hataki hotuba ndefu. Anataka neno moja tu, la mama yake. Bibi Efrazia alikataa kurudi nasi Burundi. Amebaki Mishamo, Tanzania, kwenye makazi ya wakimbizi tulikokulia sote, na mzee hajamtia machoni tangu malori yalipotuvusha mpaka. Anasema binti si wake wa kumtoa kabla mama hajasema. Basi kaka yangu Godfrey, ambaye naye amebaki huko, amempiga bibi video na kuituma kwenye flashi. Bibi akikubali, nina mke. Akikataa, nina kompyuta.

Tatizo ni kwamba bibi ana sauti ndogo na kompyuta yangu ilikuwa na sauti kubwa. Feni zilimfunika kabisa, unaona midomo tu ikicheza. Ndiyo maana nimezing'oa. Sasa bibi anasikika hadi anapomeza mate.

Upendo amepiga simu. Amenikataza kusikiliza mwisho. Neno la mkubwa linafunguliwa mbele ya aliyetumiwa, na aliyetumiwa ni baba. Nijaribu mwanzo tu, pale bibi anaposalimia. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Akasema hilo neno ndilo linalompa wasiwasi.

Jumanne, 5 Julai. Gitega

Imezimika! Bibi alikuwa bado anamsalimia mke wa mchungaji. Nilishika kasha nikaungua kidole. Ndani, kile chuma chenye mbavu kinachokaa juu ya ubongo wa kompyuta kilikuwa cha moto kuliko sufuria ya maharage. Kumbe mashine ina akili: ikiona inaungua, inajizima kabla ya kufa. Laiti ningekuwa nayo mimi akili hiyo.

Uthmani akaja bila kualikwa. Huyu ana chumba cha kuchapa barua kama changu, ukuta kwa ukuta, karibu na soko. Mzaliwa wa hapa mjini, anatuona sisi tuliorudi kama wageni waliosahau kuaga. Alichungulia, akatikisa kichwa, akasema, "We, iyo kasha iko inakosa pumuzi. Moto inapanda juu. Fungua chini, fungua juu, bon, basi." Akaongeza kwamba kama sauti ndiyo shida, nirudishe feni zangu, yeye ataniazima spika yake kubwa.

Nimemwelewa vizuri sana. Anataka nifungue kasha ili vumbi la kiangazi liingie na wateja wangu wahamie kwake. Na ile spika, kesho mji mzima ungejua kwamba Nazario ameposa kwa spika ya Uthmani. Nimekataa kwa heshima. Alipotoka tu, nikafanya kinyume: nimeziba kila upenyo kwa selotepu. Hoja yangu ni kwamba Gitega kuna baridi, baridi imo ndani ya kasha, kwa nini niiache itoke?

Jioni: imezimika kabla bibi hajamaliza kusalimia watoto wa Manase. Nadhani selotepu ilikuwa ya zamani.

Alhamisi, 7 Julai. Gitega

Fikra mpya. Matundu! Si mawili kama anavyotaka Uthmani. Kama mawili yanafaa, mengi yatafaa zaidi. Nimetwaa msumari na nyundo nikatoboa kasha pande zote, mbele, nyuma, ubavuni, juu, hadi mkono ukauma. Mama mmoja aliyekuja kuandikiwa barua ya kuomba kazi alinitazama akaenda kuandikiwa kwa jirani.

Bibi alimaliza watoto, akamaliza wajukuu, akafika tena kwa mke wa mchungaji. Nikaanza kuimba. Ikazimika.

Sielewi. Kasha limejaa matundu, hewa imejaa Gitega, na chuma bado kinachoma. Uthmani alipita akicheka na kusema nimefanya chekecheo la chai. Kwa maelezo yake upepo ni mvivu: unaingia kwenye tundu na kutokea kwenye tundu la jirani, haufiki kwenye kazi. Nikamwambia upepo si karani wa serikali. Watu walicheka, lakini nina hakika walicheka upande wake.

Usiku sikulala vizuri. Nilimfikiria mzee Manase. Siku ya kuvuka mpaka alikaa nyuma ya lori akiangalia barabara tulikotoka, na alipofika hakuwa na habari ya shamba wala nyumba. Aliuliza tu kama simu inashika hapa. Ni mtu huyo ninayemchezea kwa msumari.

Jumamosi, 9 Julai. Gitega

Ushindi! Na nitasema ukweli: ushindi umeanzia uani kwa Uthmani.

Mkewe, Zaituni, alikuwa anafukiza nyumba. Nikaona moshi wa ubani unavyopanda kutoka kwenye chetezo, na nikapata wazo la kuuona upepo kwa macho. Nimemwomba kipande cha ubani chenye moto. Aliuliza nina mgonjwa? Nikasema ndiyo.

Nimewasha kompyuta, nikasogeza ubani chini ya kasha. Kweli bwana! Moshi uliingia kwenye matundu ya chini, ukapanda kidogo, ukatokea ubavuni moja kwa moja, bila hata kukisalimia kile chuma cha moto. Upepo mvivu. Maneno ya Uthmani yale yale, na niliyachukia zaidi kwa sababu yalikuwa yanafuka mbele yangu.

Basi nikaziba ubavuni kote. Nikaacha matundu ya chini kabisa na ya juu kabisa, nikaliinua kasha juu ya matofali mawili ili chini pawe wazi. Moshi ukaingia chini, ukapanda, ukapita katikati ya mbavu za kile chuma, ukatoka juu ukinyooka. Hakuna feni wala kelele! Joto lenyewe ndilo linalovuta hewa: likipanda na kutoka, hewa ya baridi inaingia chini kushika nafasi yake. Linajipepea! Nimerudia salamu za bibi alasiri nzima na kompyuta haikuzimika. Mke wa mchungaji nimemzoea sasa kama ndugu.

Chumba kilinukia kama msikiti. Uthmani alisimama mlangoni, akasema, "Voilà. Chini na juu." Nikamjibu kwamba huu ni uvumbuzi wangu, umetokana na utafiti wa moshi.

Jumatano, 13 Julai. Gitega

Gashoho kwa mzee Manase hakuna umeme. Nimelikumbuka leo. LEO!

Mwenye jenereta ndogo ya kubebeka ni nani katika mji huu? Nimezunguka barabara tatu ili nisifike mlangoni kwake, nikafika mlangoni kwake. Uthmani akasema jenereta yake haisafiri peke yake. Itakwenda na yeye, kwa gari lake, na Zaituni, kwa sababu kwao ni Muyinga.

Halafu akauliza nani msemaji wangu. Hapo ndipo pananiuma. Kuposa kunahitaji wazee, na wazee wangu wako makaburini Mishamo. Hapa Gitega nina jirani, wateja, na mchungaji mwenye mafua. Nikamwambia sina. Uthmani akasema, "Mi nitaongea. Mi niko kaka yako, ya baba mdogo." Nikamwambia yeye ni Mwislamu na amevaa kofia. Akasema atasema tulipotezana zamani.

Nilitaka kumshukuru, lakini akaharibu. Akataka tubebe na kompyuta yake pia, kama akiba. Kompyuta yake inanguruma kama mashine ya kusaga! Nimekataa katakata. Kompyuta mbili ni kukiri kwamba moja ina wasiwasi. Akasema bon, sawa.

Ijumaa, 15 Julai. Muyinga

Tumeondoka baada ya sala ya mchana, tukapitia Karuzi. Nimeipakata kompyuta njia nzima kama mtoto mwenye homa. Nyuma ya gari kulikuwa na kitu kikubwa kimefungwa blanketi. Nikauliza ni nini. Zaituni akasema ni sufuria yake ya pilau, anampelekea kaka yake. Akatazama dirishani.

Tumelala kwa kaka yake huyo, Ilyasi, mjini Muyinga. Nimejaribu kompyuta kwa umeme wao: matofali mawili chini, juu wazi, inapumua vizuri ajabu. Ilyasi alisema hajawahi kuona kompyuta kimya hivyo. Uthmani alikunywa chai bila kusema neno. Wivu ni ugonjwa mbaya.

Sufuria ya pilau haikushushwa garini. Labda wamekwisha kula.

Jumapili, 17 Julai. Gitega

Jana sikuandika.

Tulipokewa vizuri sana. Mabenchi pande mbili, sisi huku, wao kule, urwarwa, pombe ya ndizi, katikati, na Fanta kwa Uthmani. Akasimama na kofia yake, akajitambulisha kuwa kaka yangu wa baba mdogo. Upande wa pili wakatazama kofia, wakanitazama mimi. Akasema tulipotezana zamani. Mzee Manase akajibu kwamba katika nchi hii hilo linaweza kumtokea yeyote, na watu wakacheka na kumpigia makofi. Nilikiri moyoni kwamba mshindani wangu anajua kuongea.

Kisha nikaingiza kompyuta ndani na kuiweka mezani juu ya matofali yangu mawili. Nikatoka kufunga waya wa jenereta. Niliporudi nilikuta msiba.

Mama Josefina, mama yake Upendo, Mabukwe wangu wa kesho, yaani mama mkwe, alikuwa ameipamba! Matofali alikuwa ameyaondoa, kwa sababu ni aibu kumkalisha mgeni juu ya matofali. Chini ameweka mto wa kochi. Juu ametandika kitambaa cheupe cha kufuma, kinene, chenye maua ya waridi pembeni, kimeanguka hadi chini pande zote nne. Na juu ya kitambaa, kopo la maua ya plastiki. Redio ya nyumba hiyo ina kitambaa. Hata dumu la maji lina kitambaa. Kompyuta iliyobeba sauti ya mama mkwe wake ingekaaje uchi? Upendo baadaye aliniambia mama yake alikifuma wiki mbili, jioni hadi jioni.

Chini pamezibwa, juu pamezibwa. Na mimi ni nani hata nimvue mgeni nguo aliyovishwa na Mabukwe, mbele ya ukoo mzima? Nilimtazama Uthmani. Alikuwa ameshika kichwa.

Video ikaanza. Chumba kikawa kimya, na bibi akasikika vizuri kabisa, kasauti kale kembamba. Akawasalimia watoto. Akawasalimia wajukuu kwa majina. Mzee Manase alivua kofia. Mimi nilikuwa naangalia kitambaa. Nilisogea, nikainua ncha moja kidogo, hewa iingie, nikijifanya nashangaa ufumaji. Nikasema kwa sauti kwamba kazi hii ni ya pekee. Mama Josefina akafurahi sana. Akaingia chumbani, akarudi na kitambaa cha pili, akakitandika juu ya kile cha kwanza.

Bibi akamaliza mke wa mchungaji. Akaeleza habari za kuku wake. Nilianza kusikia harufu ya plastiki ya maua. Bibi akakohoa, akasema, "Sasa, hili la Upendo. Huyo kijana Nazario mimi namfahamu." Skrini ikawa nyeusi.

Mzee Manase aliendelea kutazama skrini, kisha akanigeukia. Akauliza kwa upole bibi anasemaje baada ya hapo.

Na mimi nikasimama. Sijui ni nani aliyenisimamisha. Nikasema bibi amekubali, bila sharti lolote, na anatutakia uzao.

Uthmani akatoka nje. Akarudi amebeba sufuria ya pilau. Akafungua blanketi. Kompyuta yake! Akasema Upendo alimpigia simu siku nyingi zilizopita, akamwomba anakili flashi, kwa sababu anamfahamu mchumba wake. Upendo alikuwa anaangalia ukucha wake. Uthmani akaiweka mezani bila mto, akamwambia Mama Josefina kwa unyenyekevu mkubwa, "Maman, pardon, iyi yangu iko na pumu, haivaagi nguo." Na Mabukwe akacheka! Akakubali! Neno moja tu la adabu lilitosha, na mimi nilikuwa nakufa tangu asubuhi kwa kukosa kulisema.

Ikawashwa. Mngurumo! Bibi anacheza midomo, hasikiki. Nikataka kusema, mnaona sasa? Lakini mzee Manase alikwisha kuinuka. Akapiga magoti mbele ya meza, akaegemeza sikio kwenye mashine, kama mtoto kifuani kwa mama yake. Akaanza kurudia kila neno kwa sauti, ili tusikie.

Akasema, "Huyo kijana Nazario mimi namfahamu. Ndiye aliyeziba matundu ya chini ya tanuri langu la matofali kwa udongo. Alisema moto unatoroka. Tanuri zima likatoka bichi." Watu wakanitazama. "Upendo anamtaka, basi mpeni. Hana ubaya. Lakini sharti langu, jiko la nyumba yao lisiwe mikononi mwake."

Sharti! Chumba kizima kilikumbuka maneno yangu kwa wakati mmoja. Nilitazama mto wa kochi.

Kisha mzee akanyamaza. Midomo ya bibi ilikuwa bado inacheza, lakini hakurudia tena. Alikaa hivyo, sikio kwenye chuma kinachonguruma, macho yamefumba, machozi yanashuka. Hata nami, ambaye daima nina la kusema, nililia na sikuona aibu.

Aliposimama alijifuta uso. Akasema binti ametolewa. Vigelegele! Halafu akanitazama na kusema kwamba mkwe aliyemsemea mama yake maneno asiyoyasema atalipa kwa jasho. Mama amesema atakuja arusini, na akikuta chumba chake kimesimama, hatarudi Mishamo tena. Chumba kitajengwa kwa tofali za kuchoma, na nitazichoma mimi. Nikaapa palepale.

Jumatano, 20 Julai. Gitega

Nina mchumba rasmi. Bado siamini.

Kompyuta inafanya kazi tena. Mama Josefina amenitumia vile vitambaa viwili kwa zawadi. Nimevitandika vyote, maana kuna vumbi, na hapa Gitega kuna baridi. Imezimika mara chache tu leo.

Nimeanza kuchora tanuri la Gashoho. Kazi kubwa! Ni chumba cha bibi, lazima liive vizuri, tena mapema. Upendo atasimamia moto kama bibi alivyoagiza, mimi nitapanga tofali. Uthmani aliuona mchoro, akasema niache midomo ya chini wazi yote, na juu nisikandike sana, "kama kasha, we unajua." Eti najua. Ni mshauri mzuri kwa mambo madogo ya kompyuta, lakini tanuri ni kitu kingine. Na nadhani bado ana wivu, kwa sababu Mabukwe amenifumia mimi vitambaa na si yeye.

Nimelifikiria jambo hili kwa utulivu siku mbili. Kosa langu la utotoni lilikuwa udongo. Ulikuwa mwepesi, ukapasuka, moto ukatoroka. Safari hii nitatumia udongo wa mfinyanzi, uliochanganywa na majani, na nitaziba midomo yote vizuri kabla Upendo hajaamka.